Mungu Asiyeonekana na Samaki wa Mahenge

Katika mahubiri ya Kiswahili kuna hoja isiyochakaa: upepo huuoni lakini upo, basi na Mungu humwoni lakini yupo. Waumini huitikia amina, mhubiri akasonga mbele. Singida ni mahali pabaya pa kutolea hoja hiyo. Uwanda wa juu wa mkoa huu huvuma upepo kiasi kwamba kwa miaka mingi umekuwa katika mipango ya kuzalisha umeme, na wapimaji walishasimamisha milingoti ya kuhesabu kasi yake: mita ngapi kwa sekunde, mwezi gani unazidi, saa ngapi unatulia. Upepo ni hewa inayotembea. Una nguvu, una joto, una mwelekeo. Kinachokosekana ni rangi tu. Asiyeamini akimwambia mhubiri alete basi kipimo cha Mungu kama wahandisi walivyoleta cha upepo, mhubiri hana la kujibu, maana ni yeye mwenyewe aliyemtia Mungu katika orodha ya vitu vyembamba: upepo, umeme, mawimbi ya redio, na mwisho Mungu.

Imani ya Kikristo haikumtia humo. Inachofundisha ni kwamba kila kilichopo, kizito na chembamba, kimeumbwa, na kwamba aliyekiumba si kimojawapo. Kwa hiyo kutoonekana kwa Mungu si upungufu wa macho yetu, wala si fumbo lililobuniwa baadaye ili kukwepa maswali. Ukishasema Muumba wa vyote, umeshasema haonekani. Kitu ambacho kingeweza kuonwa juu ya kilele cha Hanang au kunaswa na darubini kingekuwa kiumbe kimoja zaidi, na swali la nani alikiumba lingeanza upya. Mafundisho haya mawili, la Mungu asiyeonekana na la uumbaji, huwekwa katika masomo tofauti ya katekisimu, lakini ni fundisho moja. Yakisomwa pamoja, ugomvi mwingi kati ya wahubiri na wanasayansi hukosa pa kusimama. Hauishi wote, na unaobaki ndio mzito.

Ushahidi wa kwanza ni sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo, ambayo kwa bahati mbaya husomwa kama ratiba ya kazi, na ubishi wote ukaishia kwenye urefu wa siku. Waandishi wake waliishi katikati ya mataifa yaliyoabudu jua na mwezi. Babeli ililijengea jua mahekalu na kuliwekea makuhani. Mwanzo inalileta jua siku ya nne, baada ya mimea, na kulipa kazi ya taa. Kwa msikilizaji wa zama zile hayo yalikuwa matusi kwa miungu ya majirani, na yalikusudiwa. Singida ilikuwa na masikio ya kuyasikia. Wanyaturu, wenyeji wa hapa, walilisifu jua. Marguerite Jellicoe, aliyefanya utafiti wake kati yao miaka ya 1960, aliandika juu ya sifa hizo mwaka 1967 katika jarida la Transition, wakati huo likichapishwa Kampala. Katika nchi hii ya kati, mashariki kunakochomoza jua kulihusishwa na heri na uhai, magharibi na giza na mauti. Majirani zao Wanyiramba walimwita Muumba Itunda, jina ambalo Wakristo wengi wa huko hawakuona sababu ya kulitupa.

Je, waliosifu jua walilisifu lenyewe, au walimsifu aliye nyuma yake? Wamisionari na baadhi ya wasomi wa Kiafrika waliharakia jibu la pili. Okot p'Bitek wa Uganda aliwashambulia vikali kwa haraka hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, akimtaja John Mbiti miongoni mwao: wameivisha miungu ya Waafrika kanzu za Kigiriki, alidai, na kuwasemea wazee falsafa ambayo hawakuwa nayo. Shutuma hiyo ina ukweli mwingi. Hakuna mzee wa Kinyaturu aliyekaa chini akapanga sifa za Mwenyezi kwa mtindo wa vyuo vya Ulaya, na sifa za jua hazikuwa risala ya teolojia. Lakini p'Bitek anakanusha zaidi ya anachoweza kuthibitisha. Kutokuwa na falsafa ya Kigiriki hakumaanishi kutokuwa na swali. Watu walioamka alfajiri wakaelekea mashariki wakataja uhai wao na wa mifugo yao walikuwa wanakiri kwamba uhai huo hawakujipa. Injili ilipofika ilikuta ungamo hilo tayari, ikaleta jambo jipya moja la kushtua: kwamba jua nalo limepewa.

Mvua ndiyo iliyolifanya swali hilo kuwa la kila mwaka. Singida ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida jumla yake ni kati ya milimita 500 na 800. Mtama na uwele huvumilia, lakini uvumilivu una kikomo. Huko Ihanzu, ambako leo ni wilaya ya Mkalama, mambo ya mvua yalikuwa mikononi mwa watawala wawili, mwanamume na mwanamke, na mwanaanthropolojia Todd Sanders, aliyefanya utafiti huko kuanzia miaka ya 1990 na kutoa kitabu mwaka 2008, aliyakuta matambiko hayo yakiendelea. Ukristo haukuwa mgeni wa juzi. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na miaka ya 1920 Walutheri wa Kimarekani wa Augustana wakashika nafasi yao. Waanglikana walikuwa Kilimatinde, na Wakatoliki nao walienea Unyaturu hadi wakapata jimbo lao la Singida mwaka 1972. Misa na ibada za kuombea mvua zimeendelea sambamba na matambiko, na misikiti nayo ina sala yake ya mvua.

Hapa huingia pingamizi la Ludwig Feuerbach, aliyeandika mwaka 1841 kwamba mungu ni matamanio ya mwanadamu yaliyotupwa mbinguni. Mkulima anataka mvua, kwa hiyo anajitungia mwenye mvua. Pingamizi hili hupendwa na vijana wa vyuo, na lina kasoro ya kawaida: chanzo cha wazo hakiamui ukweli wake. Hamu ileile ya mvua ndiyo iliyowapeleka watu kwenye tambiko, na ndiyo iliyozaa vituo vya hali ya hewa. Hakuna anayesema kipimamvua ni uongo kwa kuwa kilizaliwa na hamu. Zaidi ya hapo, Mungu wa Injili hafai kwa kazi anayodaiwa kubuniwa kwayo. Mathayo anamwonyesha Yesu akifundisha kwamba Baba hunyesha mvua juu ya wema na waovu pamoja. Shamba la mzee wa kanisa na shamba la mwizi wa ng'ombe hupata milimita zilezile. Mtu anayejitungia mungu wa mvua hamtungi hivyo. Paulo alipokuwa Listra, watu walipotaka kumtolea dhabihu yeye na Barnaba kama miungu, aliwazuia na kuwaambia kwamba Mungu hakukosa shahidi kwao, kwa kuwa amewapa mvua na misimu ya mazao. Mvua kwake ni shahidi. Hakusema ni mshahara wa waliomwamini.

Mpinzani makini ana swali gumu zaidi, na Singida inampa ushahidi. Ukiruhusu watu waamini yasiyoonekana, utawazuiaje kuamini uchawi? Kati ya 1946 na 1948 mkoa huu ulikumbwa na mauaji ya watu-simba. Watu waliuawa, miili ikiwa na majeraha ya kufanana na ya makucha, na wengi waliamini kwamba wapo wenye uwezo wa kujigeuza simba au kuwatuma simba. Upelelezi uliwakuta wauaji wa kibinadamu, na mahakama za kikoloni zikawahukumu kunyongwa. Imani katika nguvu isiyoonekana ilikuwa imewafunika wauaji wanaoonekana. Asiyeamini atasema kwamba Muumba naye ni wa kundi hilo, isipokuwa yeye hajapata mpelelezi.

Lakini tazama aina ya dai. Mtu-simba ni sababu moja kati ya sababu: ama kamuua marehemu yeye, ama kamuua mwingine, na kama ni mwingine basi yeye hakuhusika. Dai kama hilo polisi wanaweza kulipima, na ni vizuri lipimwe. Muumba hagombanii nafasi na muuaji, wala na bakteria, wala na mawingu. Anayesema Mungu ameleta mvua hasemi kwamba pepo za kusi na kaskazi hazikuhusika. Tena imani hii ikieleweka huvunja ule woga uliowaficha wauaji: ikiwa simba ni kiumbe, na mganga ni kiumbe, hakuna chochote porini chenye haki ya kuogopwa kama mungu. Kwamba Wakristo wengi bado wanaogopa uchawi ni kweli, nao katika hilo wameipokea imani yao nusu.

Dai jingine linaloweza kupimwa ni la umri wa dunia, na kwa hilo twende Mahenge. Si ile ya Ulanga, Morogoro, inayojulikana na wengi. Hii ni ya Singida, kiasi cha kilomita 65 magharibi ya mji. Yapata miaka milioni 46 iliyopita mlipuko wa volkano ulipasua ardhi hapo na kuleta juu kimbalaiti, mwamba wa jamii ileile inayobeba almasi za Mwadui. Shimo lililobaki likajaa maji likawa ziwa dogo, na tope laini likatua chini yake tabaka juu ya tabaka, likiwafunika samaki, vyura na majani. Mwaka 1960 P. H. Greenwood alieleza kisukuku cha samaki kutoka hapo. Baadaye Alison Murray alitambua spishi tano za jenasi aliyoiita Mahengechromis, samaki wa jamii ya perege na sato, miongoni mwa visukuku vya kale zaidi vya jamii hiyo vinavyojulikana. Mwaka 2003 akatangazwa popo, Tanzanycteris mannardi, ambaye koklea ya sikio lake, mfereji ule uliojiviringa, ilihifadhika vya kutosha kuonyesha kwamba ilikuwa kubwa kama ya popo wanaojiongoza gizani kwa mwangwi wa sauti zao. Kuna hata jani lililopewa jina la mkoa, Aphanocalyx singidaensis, na jingine la mgunga. Majani hayo kwa jumla yanaonyesha pori la aina ya miombo na mvua ya kiasi, isiyotofautiana sana na ya Singida ya leo.

Umri huo haukukisiwa. Katika kimbalaiti mna punje za zirikoni, fuwele ambazo zikiumbika hupokea urani na kuikataa risasi. Urani, madini yaleyale yaliyowaleta watafiti Manyoni, huoza polepole sana na kuwa risasi: nusu ya aina yake iliyo nyingi zaidi huchukua miaka bilioni 4.47. Risasi inayokutwa ndani ya fuwele basi imezaliwa humo humo, na uwiano wa viwili hivyo unatoa tarehe. Mawe makubwa yanayouzunguka mji wa Singida, kando ya maziwa ya Singidani na Kindai, ni sehemu ya gimba la kale la bara hili lenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Samaki wa Mahenge, kwa hesabu hiyo, ni wa jana.

Wapo Wakristo wanaoona kwamba hapa ni lazima mmoja avunjike, samaki au Biblia. Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland alikokotoa mwaka 1650 kwamba ulimwengu uliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo, na kitabu cha Whitcomb na Morris kilichotoka Marekani mwaka 1961 kikazihamishia tabaka zote za visukuku kwenye Gharika ya Nuhu. Mawazo hayo yamefika kwetu kwa vitabu, redio na mikutano ya injili, na mara nyingi huwasilishwa kama msimamo wa kale wa Kanisa. Mahenge inayakataa kwa sababu isiyohitaji shahada. Gharika inayofunika milima huburuta, huvunja na kuchanganya; haiweki tope la ziwa tulivu, tabaka nyembamba juu ya nyingine, na samaki wamelala wazima ndani yake. Na si kweli kwamba huo ndio msimamo wa kale. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliyefariki mwaka 430, alikataa kuzichukulia siku za Mwanzo kama siku zetu za kawaida, na aliwaonya Wakristo wanaosema upuuzi kuhusu nyota na wanyama kwa jina la Maandiko, wakawafanya wasioamini waicheke imani yote. Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alikwenda mbali zaidi: hata kama ulimwengu usingekuwa na mwanzo, alisema, bado ungekuwa umeumbwa, kwa sababu kuumbwa ni kutegemea, na kutegemea hakuhitaji tarehe ya kuanza. Papa Pius XII mwaka 1950 aliruhusu uchunguzi wa asili ya mwili wa binadamu kutokana na viumbe vilivyotangulia.

Kinachopendeza ni kwamba kosa la kinyume nalo lilikemewa, tena na kasisi. Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji, ndiye aliyependekeza mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulianza kutoka hali moja ndogo nzito, wazo lililokuja kuitwa Mlipuko Mkuu. Mwaka 1951 Pius XII alipoanza kuliona wazo hilo kama uthibitisho wa uumbaji, Lemaître hakufurahia. Nadharia yake ilikuwa fizikia, na fizikia inaweza kurekebishwa kesho. Anayemtundika Mungu kwenye msumari huo atamwona akianguka nao. Onyo hilo linawahusu pia wanaosema kwamba jicho au koklea ya popo ni tata mno kuweza kutokea kwa mabadiliko ya polepole, kwa hiyo Mungu yupo. Wanamfanya Muumba fundi wa kuziba mapengo, na kila pengo likijazwa na mtafiti fundi anafukuzwa kazi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza, anayesoma zamadamu wa Olduvai katika somo la historia saa tatu na Adamu katika somo la dini saa nne, hahitaji kuchagua. Anahitaji kuambiwa kwamba mwalimu mmoja anajibu ilikuwaje na mwingine anajibu inamtegemea nani. Walimu wachache sana humwambia hivyo.

Pingamizi zito kuliko yote halihusu tarehe. Kama samaki wa Mahenge walikufa miaka milioni 46 iliyopita, basi kifo, njaa na maradhi vilikuwepo muda mrefu kabla hajatokea binadamu wa kutenda dhambi. Huwezi tena kumtwika Adamu kila maumivu ya wanyama. Na maumivu ya watu? Kati ya 1917 na 1920 Ugogo, ikiwemo sehemu ya Manyoni ya leo, ilipata njaa inayokumbukwa kwa jina la Mtunya. Majeshi ya vita yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua zikagoma. Sehemu ya kwanza ya maafa hayo ni ya wanadamu, na ni uongo kumsingizia Mungu. Ya pili si ya wanadamu. Jibu la kwamba mateso ni adhabu Biblia yenyewe inalikataa: marafiki wa Ayubu walilitoa, na mwisho wa kitabu ndio wanaokemewa. Paulo anasema viumbe vyote vinaugua pamoja kama mwenye utungu wa kuzaa, kauli inayokubaliana na miamba kuliko mahubiri mengi, lakini haielezi kwa nini utungu uwe mrefu hivyo. Naona ni uaminifu kukiri kwamba hapa imani ina tumaini bila kuwa na maelezo. Anayeikataa imani kwa sababu hii ana sababu ya kweli, tofauti na anayeikataa kwa kuwa hajamwona Mungu kwenye darubini.

Kuna Wakristo ambao watauliza: si Mungu alionekana katika Yesu? Ndiyo, ndivyo wanavyoungama, na Yohana anaanza injili yake kwa kusema kwamba hakuna aliyemwona Mungu wakati wowote, ila Mwana ndiye aliyemfunua. Lakini kilichoonwa na macho pale Galilaya kilikuwa mtu, mwana wa seremala, mwenye njaa na usingizi. Waliomwona kwa macho yaleyale waligawanyika, baadhi wakamfuata na baadhi wakamsulubisha. Kuona hakukuwaondolea kazi ya kuamini. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, imani hii haijawahi kutishwa na Mahenge kama inavyotishwa na biashara ya mafuta na maji ya upako, iliyoenea mijini na sasa hadi minadani. Humo muumini huahidiwa Mungu wa kuonekana: chupa hii, bei hii, matokeo siku saba. Huko ni kumrudisha Muumba kwenye kundi la sababu zinazopimika, na kipimo kikisoma sifuri, anayelaumiwa ni mnunuzi kwa uhaba wa imani. Mganga wa jadi angalau hudai kuku baada ya mgonjwa kupona.

Linabaki swali la mwisho la asiyeamini. Kama Mungu huyu hapimiki, hazibi mapengo, hanyeshi mvua kwa upendeleo na hauzwi kwa chupa, yupo na hayupo vina tofauti gani? Waumini wataonyesha hospitali: Makiungu iliyoanzishwa na masista wa Medical Missionaries of Mary mwaka 1954, Kiomboi na Iambi zilizoanzishwa na Walutheri, Mtakatifu Gaspari ya Itigi. Zimefanya kazi kubwa katika mkoa uliosahauliwa mara nyingi, na waraka wa Yohana unafundisha kwamba asiyempenda ndugu anayemwona hawezi kumpenda Mungu asiyemwona. Lakini serikali nayo hujenga hospitali bila kuungama lolote, kwa hiyo hospitali zinaonyesha imani imekuwa hai, hazithibitishi kwamba ni ya kweli. Tofauti iko mahali pengine. Mwaka 1948, katika mjadala wa redio ya BBC na padri Frederick Copleston, mwanafalsafa Bertrand Russell alisema kwamba ulimwengu upo tu, basi, na hakuna la kuuliza zaidi. Msimamo huo haujipingi, na sayansi haiwezi kuukosoa, kwa kuwa sayansi huanza kazi pale ambapo tayari kuna kitu cha kupima. Mkristo anakataa kusimama hapo kwa sababu moja: kila alichokiona, kuanzia zirikoni hadi mvua ya Desemba, kimekuwepo kwa kutegemea kingine, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na sababu ya kuwepo ndani yake chenyewe. Russell angejibu kwamba yaliyo kweli kwa kila kitu kimoja kimoja si lazima yawe kweli kwa jumla yao, naye hapo ana haki. Mkristo naye ana haki ya kuuliza jumla hiyo imepata wapi uwezo ambao hakuna sehemu yake hata moja iliyo nao.